Manesi mliopo humu, bibi mwenye dimenshia (ugonjwa wa kusahau) akikataa kuogeshwa mnafanyaje?

Habari zenu wakuu. Wodini kwetu kuna bibi wa miaka 80 na kitu, anasahau sana, kila asubuhi nikija na beseni anapiga kelele eti namuibia kanga yake, jana kanikwaruza mkono. Halafu anamuulizia mumewe aliyefariki zamani, nikimwambia ukweli analia kama msiba umeanza leo. Inaniuma kwa kweli.

Jibu 1:
Pole sista. Usimtokee kwa nyuma, njoo mbele yake, inama macho yenu yawe sawa, "shikamoo bibi", jitambulishe hata kama ni mara ya mia. Swali moja moja na umpe muda wa kujibu. Kanga mwachie begani umuoshe huku kajifunika, mimi wangu nilikuwa nampa kitambaa cha maji ya uvuguvugu anajifuta uso mwenyewe, anatulia kabisa.

Jibu 2:
La mumewe usimrudishie msiba kila siku jamani, muulize tu babu alikuwa anapenda kula nini, ataanza kusimulia.

Jibu 3:
Naongezea, kama ukali umeanza ghafla siku hizi mbili tatu usiseme ni kusahau tu, mwambie daktari, wazee UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au kukosa choo au maji kupungua mwilini kunawavuruga akili. Na msikimbilie kumfunga kitandani wala diazepamu (dawa ya kutuliza), inaweza kumchanganya zaidi na akaanguka.

Muuliza:
Asanteni sana. Nimeangalia faili, siku ya nne leo hajapata choo, namfuata daktari sasa hivi.