Majirani wa Sofia, Busia (Uganda)

Alhamisi, 14 Januari 2021

20:38 Mama Shamim: Jamani, wenye laini ya Kenya mnanisoma? Wa laini za huku najua hampo, intaneti imezimwa tangu jana jioni. Nataka picha ya fomu ya DR, ile ya matokeo ya kura za leo, kutoka kila kituo cha mtaa wetu. Vituo sita. Mpaka sasa nina viwili.

20:39 Mama Shamim: Za mbunge, anakogombea Mwalimu wetu. Za rais msinijazie simu.

20:51 Mama Shamim: Kafyu saa tatu. Mwenye fomu asilale nayo.

21:04 Kato Boda: Mama, pikipiki iko ndani tangu saa kumi na mbili, unajua amri ya boda. Kuzunguka siwezi

21:06 Mama Shamim: Sijasema uzunguke. Nimesema upige picha.

21:19 Mama Akinyi Ng'ambo: Poleni majirani. Kwani huko fomu haibandikwi kituoni? Kwetu Kenya fomu 34A ya rais inabandikwa mlangoni, kila mtu anapiga.

21:22 Wakili Sadiki: Inabandikwa, na mawakala wanapewa nakala. Ila nakala ni ya kaboni, ukipata ya chini kabisa ni kama imeandikwa na moshi.

21:23 Kato Boda: 😂😂 moshi

21:40 Mama Shamim: Sasa ni vinne. Asante Mama Zubeda. Bado cha shuleni cha majina ya A–M, na cha N–Z cha Baba Musa. Baba Musa uko wapi?

22:15 Mama Shamim: Baba Musa.

22:16 Mama Shamim: Tiki za buluu naziona.

22:31 Baba Musa: [picha]

22:31 Baba Musa: Nilikuwa natafuta mtandao. Nimesimama juu ya tangi la maji.

22:33 Kato Boda: Baba Musa kidole chako kimepigwa picha vizuri kuliko fomu

22:33 Kato Boda: hicho kidole kingegombea kingeshinda

22:34 Mama Zubeda: 😂😂😂 kidole oyee

22:36 Mama Shamim: Si wakati wa mchezo. Ya Mwalimu wetu ni 131 au 137? Kidole kimefunika pale palipoandikwa kwa maneno.

22:37 Baba Musa: 131.

22:38 Mama Shamim: Mimi naona 137.

23:52 Wakili Sadiki: Nimempata binamu aliye kwenye kituo cha kujumlishia. Mpinzani yuko mbele kwa 53, vituo vyote vimeshaingia. Hawajatangaza.

23:53 Mama Shamim: 53! Na wameandika ngapi kwa N–Z?

23:55 Wakili Sadiki: 131.

23:55 Mama Shamim: Ndiyo hapo! Ikiwa 137 tofauti ni 47!

23:57 Kato Boda: 47 na 53 si ni kushindwa tu mama

23:59 Wakili Sadiki: Hapana Kato, hapo ndipo penyewe. Sheria ya uchaguzi wa wabunge: kura zikilingana, au tofauti ikiwa chini ya hamsini, msimamizi wa uchaguzi wa wilaya lazima ahesabu upya. Hasubiri kuombwa. Ikifika hamsini na kuendelea, mgombea mwenyewe ndiye anakwenda kwa hakimu mkuu kuomba, ndani ya siku saba tangu kutangazwa.

Ijumaa, 15 Januari 2021

00:03 Mama Shamim: Mmesikia? Kura sita zimelala chini ya kidole cha mtu.

00:06 Wakili Sadiki: Ila Mama, jumlisha. Mwalimu 131, mpinzani 118, wa tatu 9. Hizo 258. Zilizoharibika 6. Chini pameandikwa 264. Ingekuwa 137 jumla ingesoma 270.

00:08 Mama Shamim: Na jumla nayo iliandikwa na mtu.

00:10 Baba Musa: Mama Shamim, nilisimama pale tangu saa moja asubuhi. Kura za rais zilihesabiwa kwanza, giza likaingia tukiwa bado. Msimamizi alikuwa anainua karatasi moja moja kwenye taa, anaonyesha watu, anataja jina. Mimi napiga vijiti kwenye daftari la Musa la hesabu. Mafungu ishirini na sita ya vitano, na kijiti kimoja. Nikitaka kukupendeza nitakichora cha pili, lakini hakikuwepo.

00:12 Mama Shamim: Wewe Baba Musa vijiti vyako tunavijua. 2018 kura ya LC1, ya mwenyekiti wa kijiji, hatukuhitaji vijiti. Tulikuona kwa macho kwenye mstari umesimama nyuma ya nani.

00:13 Kato Boda: Yarabi

00:15 Baba Musa: Nilisimama nyuma ya mtu niliyemwona anafaa, mchana kweupe, mbele ya mume wako. Sikujificha. Na tangu siku hiyo salamu hamnipi, hata kwenye msiba wa mama yangu.

00:16 Mama Shamim: Na bomba je?

00:17 Baba Musa: Bomba nilieleza.

00:21 Mama Akinyi Ng'ambo: Majirani usiku mwema tafadhali. Hata sisi 2017 korti ilipofuta uchaguzi wa rais, shida ilikuwa vile matokeo yalivyosafirishwa na kujumlishwa. Tunzeni karatasi kwanza, ugomvi baadaye.

00:24 Mama Zubeda: Kwani Mwalimu mwenyewe hayumo humu?

00:24 Kato Boda: Yumo. Anasoma.

00:49 Hajji (anaandika Rehema): Assalaam alaykum. Rehema amenisomea yote, hata ya bomba. Nisikilizeni. Desemba 1980 nilikuwa wakala. Wakati ule kila chama kilikuwa na sanduku lake. Nikaandika hesabu ya kituo chetu kwenye karatasi ya sigara, nikaikunja mfukoni. Kesho yake redio ikasema Paulo Muwanga, mkuu wa Tume ya Kijeshi iliyotawala, amechukua kazi ya kutangaza matokeo, na mtu mwingine akitangaza ni faini shilingi nusu milioni au jela miaka mitano. Mke wangu aliitia karatasi ile kwenye debe la unga. Hakuna aliyekuja kuniuliza nilihesabu ngapi. Mpaka leo.

00:51 Hajji (anaandika Rehema): Sasa ninyi mna mtu aliyesimama kutwa, amehesabu, anawaambia alichoona. Kama ni 131 iandikwe 131. Nataka na fomu za vituo ambavyo Mwalimu ameshindwa, zote, ziletwe kwangu asubuhi. Na wewe Mama Shamim, mama yake Baba Musa alikuogesha ulipojifungua Shamim. Nimemaliza.

00:52 Mama Zubeda: Ndiyo Hajji.

00:52 Wakili Sadiki: Ndiyo Hajji.

00:58 Kato Boda: Ndiyo Hajji. Kafyu ikiisha nitabeba.

01:20 Mama Shamim: Sawa Hajji.

01:22 Mama Shamim: Nimeandika 131. Cha shuleni A–M bado hakijaletwa. Nani alikuwa wakala pale? Tuliweka wawili, hata mmoja hanijibu.

01:23 Mama Shamim: Asubuhi twende kituo cha kujumlishia watu kumi. Nani anakuja? Nani anachangia mafuta ya gari?

01:41 Wakili Sadiki: Watu kumi wataonekana kama mkutano. Aende wakala mkuu wa Mwalimu na mimi nimsindikize, tulinganishe fomu zetu na orodha yao, kituo kwa kituo. Tukikuta namba haifanani, hapo hakimu ana kitu cha kusikiliza.

01:43 Mama Shamim: Nami nakuja.

02:10 Baba Musa: Daftari nitalileta pamoja na fomu. Musa ana mtihani nalo Jumatatu, lirudi.

05:57 Fundi Ouma: Habari za asubuhi. Ndio nimepata laini. Mimi ndiye wakala wa A–M. Fomu iko kwenye koti, na koti mke wangu amelifua

05:58 Kato Boda: 😭😭😭

05:58 Mama Shamim: Ouma.

06:02 Fundi Ouma: Imekauka kidogo. Namba zinasomeka, sahihi ndiyo haionekani. Nileteje?

06:03 Mama Shamim: Usiikunje! Kati ya daftari mbili. Kwa Hajji sasa hivi.

06:20 Baba Musa: Niko kwa Hajji. Mama Shamim tayari yuko hapa. Tunakunywa chai.

06:31 Mwalimu: Nimesoma yote tangu jana. Ahsanteni. Kuhusu kwenda kwa hakimu, nipeni mpaka saa nne nizungumze na mke wangu.

06:32 Mama Shamim: Mwalimu, saa nne watakuwa wameshatangaza.

06:40 Mama Shamim: Mwalimu?