Chuo cha Ulaya kinataka tushirikiane kutafiti mikopo ya simu. Nidai nini kabla ya kusaini?

Mhadhiri_Moro: Heshima kwenu wakuu. Ni mhadhiri msaidizi hapa Morogoro. Chuo kimoja cha Ulaya kinataka tutafiti pamoja jinsi mikopo ya mtandaoni inavyowaathiri wanawake wauza mboga na mitumba. Mada naitaka kwa moyo wote. Mama akichelewa kulipa, programu iliyosoma namba zote za simu yake inamtumia ujumbe mama mkwe na mchungaji kwamba fulani ni tapeli. Benki Kuu ilitangaza programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024, lakini aliyekwisha kuaibishwa mbele ya wakwe nani anamsafisha?

Shida ni rasimu ya makubaliano. Dodoso wameshaliandika wao. Sisi tukusanye majibu, takwimu zote ziende kwao, majina yetu yakae kwenye shukrani.

Mama_Takwimu: Mdogo wangu, pigania dodoso kwanza. Nimesimamia wadadisi miaka mingi. Ukimhoji mama nyumbani mume akiwa pembeni, deni halitajwi kabisa. Na anayekopa programu ya pili ili alipe ya kwanza, dodoso lililoandikwa mbali linamhesabu kuwa amefikiwa na huduma mara mbili! Hilo linaniuma sana.

Wachumi Suri na Jack waliandika kwenye jarida la Science, 2016, kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini. Mwaka 2019 watafiti wengine, Bateman, Duvendack na Loubere, wakawahoji: madeni na biashara zilizokufa zimehesabiwa wapi? Ninyi yaulizeni hayo tangu mwanzo.

Wakili_Dom: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Majina na namba za simu zibaki chuoni kwenu, wao wapate nakala zilizoondolewa utambulisho. Tena mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa hilo anahitaji mshirika wa hapa. Usiende mezani kinyonge.

Mhadhiri_Moro: Asanteni sana. Fedha zenyewe ni za Umoja wa Ulaya, kupitia mpango wake wa kugharamia utafiti, Horizon Europe.

Mama_Takwimu: Hapo umeshika mpini. Kuna kanuni za maadili za 2018 za utafiti kwenye mazingira yenye rasilimali chache, na Tume ya Ulaya imezikubali kwa miradi yake. Zinataka washirika wa hapa washiriki tangu kupanga utafiti mpaka kuandika makala. Wanukulie. Halafu tenga fungu la kurudisha matokeo sokoni kwa akina mama wenyewe, liandikwe kwenye bajeti kabisa, maana lisipoandikwa ndilo linalokatwa la kwanza.