Ushauri: Niache kubuni pampu niingie usalama wa abiria garini?

Injinia_Pampu: Wakuu, habari za humu. Mimi ni injinia mitambo, mwaka wa nne sasa nachora pampu. Zinalipa, ila moyo haupo. Nimepata nafasi mbili za usalama wa abiria: moja ni simulesheni tupu, kushinda kwenye kompyuta nikigonganisha magari; nyingine ni maabara ya kugongesha magari yenyewe, mshahara chini ya ninaopata. Biomekanika, yaani mwili wa binadamu unavyohimili nguvu na mshtuko, sijui hata harufu yake. Niende wapi? Naombeni ushauri, matani baadaye.

Spana17: Kaa na pampu zako mdogo wangu. Moyo hufuata mshahara.

MamaMkanda: Usimsikilize huyo. Nenda maabara.

Mwaka wangu wa kwanza kazi ilikuwa kumpaka rangi dami, yaani mwanasesere anayekaa garini badala ya abiria kwenye majaribio: uso rangi yake, kila goti rangi yake, ili gari likishagonga tuone kipi kimegusa wapi. Nikajiona mwalimu wa chekechea. Siku moja rangi ya goti tukaikuta chini ya dashibodi, mahali simulesheni ilisema goti halifiki kabisa. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umeponyoka nyonga ukapanda tumboni, dami akateleza chini yake. Kwenye kompyuta alikaa vizuri kwa sababu sisi ndio tuliomkalisha vizuri.

Biomekanika utaisoma humo humo. Nils Bohlin, aliyebuni mkanda wa ncha tatu pale Volvo mwaka 1959, alitokea kwenye viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege.

Injinia_Pampu: Sasa dada, kiti cha rubani na pampu wapi na wapi?

MamaMkanda: Presha! Mfuko wa hewa (airbag) unajaa ndani ya milisekunde 30 hivi, kisha lazima upumue kupitia matundu yake kichwa kikizama. Tundu likiwa dogo, kichwa kinadunda. Likiwa kubwa, kinafika kwenye usukani. Hiyo si kazi yako ya kila siku?

Kipima_G: Kwenye usaili waulize wanatumia dami gani. Hybrid III ya "mwanaume wa wastani" ni ya 1976, kilo 78 hivi. Ya kike iliyozoeleka ina kilo 49 hivi, yaani mwanamke mdogo kabisa. Wanawake wa katikati wamesubiri sana. Hapo kuna kazi ya kukuzeesha.

Spana17: Mshahara je?

Injinia_Pampu: Nitabana. Dada, hiyo rangi inatoka kwenye nguo?

MamaMkanda: Haitoki. Njoo na shati la zamani.