MREJESHO: Kiwanja cha wazi ambacho halmashauri ilitaka kukikodisha kwa kampuni

Wakuu, niliuliza hapa tufanyeje baada ya kusikia halmashauri yetu inataka kuikodishia kampuni moja kiwanja cha wazi wanapochezea watoto, ijenge maghala. Baraza la madiwani limeshaamua, kwa hiyo narudi na majibu.

Asanteni sana, hasa aliyesema tuache malalamiko ya jumla tuombe rasimu ya mkataba kwa barua. Hilo ndilo lililotusaidia kuliko yote. Ofisi ilisita, lakini barua ikishagongwa muhuri wa kupokelewa ni vigumu kuikana. Kwenye rasimu tukakuta miaka 50, kodi ileile mwanzo mpaka mwisho, hakuna kifungu cha kuipitia upya! Diwani wetu mwenyewe alikuwa hajakiona kipengele hicho cha muda na kodi. Alikisoma kwa sauti kikaoni, wenzake wakaanza kuomba nakala.

Muda umeshushwa hadi miaka 20, kodi itapitiwa kila baada ya miaka 5, na mkataba ukiisha majengo yanakuwa mali ya halmashauri. Njia ya miguu nayo imeandikwa, haitafungwa.

Zabuni ya wazi tuliidai kama mlivyoshauri, ikagonga mwamba. Wameipa kampuni ileile bila kushindanisha, na hilo linaniuma, maana hatutajua kama yupo ambaye angelipa zaidi. Watoto wamebakiwa na nusu ya kiwanja.

Atakayepatwa na jambo hili, aombe rasimu kabla ya kikao cha kamati. Ikifika barazani, wengi wameshakubaliana.