Tupeane uzoefu: mhimili wa muda kwenye grafu umewahi kukuumbua?

KIJANA WA NKUHUNGU (mwanzisha mada):
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita niliumbuka mbele ya msimamizi wangu wa utafiti, na kwa kuwa nimeshacheka vya kutosha naleta hapa. Nilikuwa na mvua ya kila siku ya miaka sita, kituo kimoja hapahapa Dodoma, nikaichora kwa gnuplot, programu ya kuchora grafu. Kikatoka kichaka cha vijiti mwanzoni mwa kila mwaka, halafu tupu mpaka Januari nyingine. Mzee akavua miwani: "Hiyo Dodoma unayoishi wewe mvua inanyesha Januari peke yake?"

Kosa lenyewe ni herufi moja. Kwenye timefmt, amri inayoiambia programu tarehe zimeandikwaje kwenye faili, niliandika %d/%M/%Y. M kubwa ni dakika, mwezi ni m ndogo. Kwa hiyo Machi ikasomwa kama dakika ya tatu, na mwezi kwa kuwa haukutajwa ukawa Januari kwa siku zote. Programu haikulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Ingegoma ningejua. Haya, nanyi leteni yenu.

AFISA UGANI MSTAAFU:
Kijana, una bahati, lako lilionekana. Langu lilijificha msimu mzima. Nilikuwa naweka kumbukumbu za mavuno ya zabibu kwenye Excel, kompyuta ya kuazima, imepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Mimi naandika 02/08 nikimaanisha tarehe 2 Agosti, yenyewe inaelewa Februari 8. Naandika 08/03, inaelewa Agosti 3. Sasa zabibu huku tunavuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya tarehe kama hizo yakabadilishana misimu na grafu bado ikaonekana ya kawaida kabisa! Hakuna aliyeshtuka.

Kilichonistua ni jumla ya kilo, ilikuwa pungufu ya risiti. Kuangalia kwa makini, tarehe za 13 na kuendelea zilikuwa zimejipanga kushoto mwa kisanduku, zile nyingine kulia. Hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo kompyuta iliziacha kama maandishi na hazikuingia kwenye mchoro. Tangu hapo naandika 2019-08-02, mwaka kwanza, na ninaangalia nani amelala kushoto.

MTU WA KONDOA:
Mimi grafu yangu ilirudi nyuma miaka minne na siku moja. Nilinakili namba kutoka faili la Excel la Mac ya zamani. Huko siku zilihesabiwa kuanzia 1904, kwingine 1900. Tofauti ni siku 1,462. Sina la kuongeza, niliteseka.

DADA WA BAHI:
Jamani zenu ndogo. Sisi tulikuwa na saa tatu ndani ya mchoro mmoja.

Tulikuwa tunapima joto shambani. Kifaa kinachojirekodi chenyewe, daftari la kijana wa pale kijijini, na mimi na simu yangu. Nikaweka vyote kwenye mhimili mmoja, vikatoka vilele vitatu: saa 9:00, 12:00 na 15:00. Siku mbili nzima natafuta sababu za kisayansi, nimeshaanza hata kuandika aya kuhusu upepo (nimeifuta, msiniombe). Kijana mwenyewe akachungulia skrini akasema, "Dada, si ni ileile saa tisa alasiri?"

Ndiyo ileile. Yeye kaandika 9:00 kama mtu yeyote aliyekulia hapa. Simu inasema 15:00. Kifaa kinatumia UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo 12:00.

Mkafikiri dawa ni kujumlisha sita tu? Nami nilifikiri hivyo. Saa tisa alasiri na saa tisa usiku kwenye daftari zote ni 9:00. Halafu kuna tarehe. Saa nane usiku aliandika tarehe 14, kwa sababu kwake usiku ule haujakucha. Kwa kompyuta tarehe 15 iliingia tangu saa sita usiku. Mstari wa grafu ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda tena, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Mwishowe tuliongeza safu ya mchana/usiku kwenye daftari, tukakubaliana tarehe inabadilika saa sita usiku, na faili lote nalihifadhi kwa UTC. Saa tatu naziongeza wakati wa kuchora tu. Afadhali sisi Tanzania saa hazisogezwi kwa majira, jumlisha tatu ni jumlisha tatu mwaka mzima.

KISIMA KIREFU:
Mkuu wa Nkuhungu, hata ukirekebisha hiyo herufi, usianze mhimili Januari. Mvua yetu inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, Januari inaikata katikati. Nilichora maji ya visima vya Makutupora hivyo, na ile El Niño ya 1997/98 ikagawanyika nguzo mbili za miaka miwili tofauti. Anza Julai, malizia Juni.

MPIGA RULA:
Kuna mtu amewahi kupata lebo "Jan, Jan, Mac"? Niliweka alama kila sekunde 2,592,000 nikidhani ni mwezi. Hizo ni siku 30. Kutoka Januari 1 unatua Januari 31, kutoka hapo Machi 2. Februari yangu ililiwa.

KIJANA WA NKUHUNGU:
Mpiga Rula umenivunja mbavu. Kisima Kirefu, nimeanza Julai, sasa msimu unaonekana kilima kimoja, asante sana. Swali dogo: miezi inaweza kutoka kwa Kiswahili?

MPIGA RULA:
Inaweza. Kwenye Linux hakikisha sw_TZ (Kiswahili cha Tanzania) imesakinishwa, kisha set locale "sw_TZ.UTF-8". Usiguse timefmt, hiyo ni ya kusomea faili, lebo zinatoka kwenye set format x.

KIJANA WA NKUHUNGU:
Ago na Okt hizo hapo! Kesho nampelekea mzee. Kaniambia saa nne, na safari hii nimemuuliza: ya asubuhi?