Nyuma ya picha ififie: lenzi ya 50mm au programu?

Kijana_wa_Mbagala: Wakuu, nina sendofu ya kupiga mwezi huu. Bibi harusi anataka nyuma kufifie kabisa, na picha chache ziwe nyeusi na nyeupe, maua tu yabaki mekundu. Ninunue lenzi ya 50mm f/1.8 (tundu lake la mwanga hufunguka sana) iliyotumika, au nibaki na lenzi yangu ya kuvuta, 18-55, nimalizie kwa programu? Bajeti laki tatu. Muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa.

NuruKwanza: Mkuu, kamera gani? Ukumbini au nje? Hujasema kitu.

DadaTanga: Lenzi. Ukungu wake unaongezeka taratibu kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Programu inakata ghafla. Shela, hereni, nywele za pembeni, hapo ndipo inapochemsha.

FundiPicha: Sikubaliani. Hiyo 18-55 ivute hadi 55mm, msogelee bibi harusi, naye msogeze mita nne tano kutoka ukutani. Kunafifia vizuri tu. Watu wanakimbilia kununua, umbali hawaugusi.

MzeeLenzi: Swali la NuruKwanza msilipuuze. Mimi natumia Nikon D5300. Niliuziwa 50mm f/1.8D, muuzaji akiapa inaingia Nikon zote. Kuingia iliingia. Nabonyeza kitufe nusu, kimya! Hiyo D haina mota ya fokasi ndani, inategemea mota ya kamera, na D5300 haina. Kipaimara kizima nikawa nazungusha pete kwa mkono. Kwa f/1.8 ukiwa karibu, fokasi ikikaa puani macho yameshapotea. Mama mtoto akaniuliza mbona mwanangu ana ukungu usoni. Dukani nikajibiwa kitu kikishatumika hakirudi. Mwenye D5300 atafute AF-S (ina mota yake) yenye herufi G.

Kijana_wa_Mbagala: Ni Canon 700D. Ukumbini, taa za rangi.

MzeeLenzi: Basi umepona, EF 50mm f/1.8 zote zina mota. Ila uliza kama ni toleo la II au la STM la 2015. Tundu la mwanga la II lina bapa tano. Ukilibana hadi f/2.8 taa za nyuma zinatoka na pembe tano. STM ina saba, zinakaa duara.

NuruKwanza: Na kwenye 700D hiyo 50mm inaona eneo finyu kama 80mm. Picha ya ukoo mzima utaipiga kwa 18-55.

FundiPicha: Maua mekundu ni Snapseed, bure. Geuza nyeusi na nyeupe, fungua orodha ya marekebisho, paka kwa brashi palipo na maua, kisha bonyeza alama ya kugeuza kinyume (invert). Usichague kwa rangi: taa za ukumbi zikiwa nyekundu, mashavu na midomo vitabaki navyo.

DadaTanga: Mtindo huo umepitwa, jamani. Kitenge kizuri unakifanya kijivu?

FundiPicha: Anayelipa kasema anautaka.

DadaTanga: Mshauri. Ndiyo kazi yetu.

Kijana_wa_Mbagala: Muuzaji kajibu, ni II, laki mbili. Nichukue?

NuruKwanza: Mulika kwanza kioo kwa tochi. Lenzi za Dar na unyevu huu, fangasi hazikosi.

MzeeLenzi: Ongezea kidogo upate STM.