GCS 7 kwa mgonjwa wa ajali ina maana gani? Naombeni ushauri wakuu

Binti Kilosa:
Wakuu habari zenu, naandika nikiwa hapa nje ya ICU. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, alikuwa abiria kwenye bodaboda wakagongwa na fuso, kavunjika paja na kichwa kimeumia, CT scan imeonyesha ubongo umechubuka ila wamesema kwa sasa hahitaji upasuaji wa kichwa. Yuko kwenye mashine ya kupumulia. Kwenye raundi nikamsikia daktari anamwambia mwenzake "GCS 7", wakaandika kwenye faili wakahamia kitanda kingine. Nikagugo nikakuta eti kuanzia 8 kushuka ni hali mbaya sana, tangu hapo hata kula siwezi. Mama yuko kijijini anapiga simu kila mara anauliza atapona, sina cha kumjibu. Mjomba naye anataka tumhamishe leo leo kwenda hospitali kubwa zaidi na michango ya ambulensi imeshaanza. Hiyo namba kweli inaweza kusema mtu atapona au hatapona?

Kwetu Pwani:
Pole sana dada. Kaka yangu aliwahi kuwa na 6 na leo anaendesha daladala kama kawaida. Usiogope namba hizo.

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Hiyo GCS ni kipimo cha fahamu, kilianzia Glasgow, Scotland, mwaka 1974, na kinaangalia vitu vitatu tu: macho hadi 4, maneno hadi 5, mwili hadi 6. Aliye mzima ana 15, wa chini kabisa ana 3, sifuri haipo. Kuanzia 8 kushuka tunasema ameumia sana ubongo, na ndo maana akawekewa mpira, kwa sababu hawezi kulinda njia yake ya hewa. Sasa mpira ukiwa kooni hawezi kuongea hata akitaka, na dawa za usingizi nazo zinaishusha namba, kwa hiyo muulize daktari hiyo 7 imepimwa akiwa kwenye dawa au la. Halafu usiishie kwenye jumla, uliza "M ngapi?" M ndo mwili. Wanambonyeza kwenye ukucha au kwenye mfupa wa juu ya jicho, akipeleka mkono kuutoa wa daktari ni 5, akiishia kujivuta kukwepa maumivu ni 4, mkono ukijikunja vibaya 3, ukinyooka na kukakamaa 2, asipofanya chochote 1. Uliza na mboni za macho kama zinasinyaa zikimulikwa tochi, zote mbili.

Dr wa Zamu:
Nesi kamaliza karibu kila kitu. Kwetu Pwani, namshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yako, ila dada anahitaji kuujua ukweli wa mgonjwa wake. Wenye jeraha kali la ubongo wengi hufariki au hubaki na ulemavu, na wapo wengine wanaorudi vizuri. Tangu 2008 kuna kikokotoo kinaitwa CRASH, kimetokana na wagonjwa zaidi ya 10,000 wa nchi mbalimbali na kina hesabu yake kwa nchi za kipato kama chetu. Kinauliza umri, GCS, mboni na kama kuna jeraha lingine kubwa mwilini, kisha kinatoa asilimia ya kifo ndani ya siku 14, na ya kifo au ulemavu mkubwa miezi 6 baadaye. Lakini elewa, kikisema 40 maana yake watu 100 wanaofanana naye, 40 yatawakuta hayo. Yeye yuko upande gani hakisemi. Umri unambeba, paja linamwangusha kwa sababu mfupa ule unamwaga damu nyingi, na presha au oksijeni ikishuka ubongo unaumia mara ya pili. Hapo ndo pa kukomalia, ulizia presha na oksijeni kila raundi.

Tabibu Kagera:
Naongezea kidogo, sisi huku kituoni hatuna CT hata moja. Tunatumia kipimo cha Kampala, kilitengenezwa hapo Uganda kwa mazingira kama yetu: umri, presha, upumuaji, fahamu na idadi ya majeraha makubwa, jumla 16, chini ya 11 ni mahututi. Kinanisaidia kujua nani aanze kuhudumiwa na nani apewe rufaa mapema. Vipimo hivi vilitengenezwa kwa kazi hiyo, sio kumkatia mtu tamaa. Kuhusu kuhama, msijipangie wenyewe kama familia. Daktari wenu aongee na daktari wa kule, kitanda cha ICU kithibitishwe, na ambulensi iwe na mashine na mtu wa kuiendesha. Mkikosa kimoja kati ya hivyo anaweza kuwazidia njiani.

Binti Kilosa:
Asanteni sana jamani. Nimeuliza, M ilikuwa 4 jana, leo walipopunguza dawa wamepata 5, mboni zote zinasinyaa, presha iko sawa. Daktari wa upasuaji wa ubongo yupo hapa hapa, mjomba nimemweleza ametulia. Sasa mama nimwambieje?

Nesi Mstaafu:
Mwambie bado ni mgonjwa sana, yuko kwenye mashine, ila leo ameupangua mkono wa daktari wakati jana alikuwa anajivuta tu. Usimwahidi zaidi ya hapo. Na kesho uliza paja litafanyiwa operesheni lini, na kama wanamgeuza kila baada ya saa 2, vidonda vya mgongo vinaanza mapema mno.